Mpangaji wa Mdomo

Jua lilikuwa linazama Kasuku alipofika kwa dada yake kurudisha pasi ya kuazima. Ukoo mzima ulimwita Kasuku kwa sababu ya kazi yake, ukalimani. Alizunguka nchi za watu, akarudi na lugha sita, na bado mkewe alilalamika kwamba hawaelewani.

Mlangoni alimkuta shemeji yake, mume wa dada, macho mekundu. Mkewe, alisema, tangu juzi hali wala halali, anaongea lugha isiyojulikana. Daktari amepima kila cha kupimwa, hakuona kitu.

"Si wewe bingwa wa ndimi?" akanong'ona. "Haya, shemeji. Fasiri."

Chumbani kulinuka chuma kilicholowa. Dada alikaa kitandani, uso ukutani. Sauti iliyomtoka haikuwa yake... nzito, ya taratibu, kama mtu asemaye kutoka ndani ya mtungi.

Kasuku akatega sikio. Akaanza kuudhika. Neno la kwanza alilijua: katika visasili vya watu wa milimani, ni pumzi. La pili aliwahi kulisikia jangwani, ambako pumzi na mzimu huitwa jina moja. La tatu, mlango. Lakini kila akiyaunga, yanakatika, kama uzi uliooza. Na shemeji naye hampi nafasi: anasema nini, anasema nini.

"Niache nisikie, bwana," Kasuku akasema, meno yameumana.

Sauti ikarudia. Polepole mno, kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi mzito.

Hapo maana ikamjia yote kwa mpigo. Kwa ile raha ya kuokoka na aibu, akafasiri kama wakalimani wote wafasirivyo: mwenye maneno akisema "mimi," nawe unasema "mimi."

"Mimi ni pumzi isiyo na kifua. Mimi nimechoka na nyumba hii. Nimeuona mlango mwingine... Mimi nakubali kuingia humu."

Dada akageuka. Macho yalikuwa yake, yake hasa. Akaomba maji. Akaiona pasi, akamuuliza kaka yake kama imekwisha kunyoosha nguo za mji mzima. Shemeji akacheka huku analia.

Kasuku alitaka kucheka nao.

Mdomo ukakataa.

Kisha ukafunguka wenyewe. Maneno yakamtoka, mazito, ya taratibu, na ajabu ni kwamba sasa aliyaelewa yote, hakuna lililomponyoka. Yalikuwa yakiomba, kwa adabu kubwa, mtu ayatamke hayohayo. Kasuku akausukuma ulimi. Akauuma. Wapi! Lugha sita kichwani, na hata moja haikumpa namna ya kusema: nyamaza, usinijibu.

Maana alimjua dada yake. Dukani kwake, kwenye vitambaa, mgeni akimsalimia kwa lugha ya kwao, yeye huirudia salamu neno kwa neno ili kumfurahisha. Kumbe wiki ile kulikuwa na mgeni aliyetoka dukani mwepesi kuliko alivyoingia.

Dada akashuka kitandani. Akamshika mkono kwa upole, akaitazama midomo yake inavyocheza.

"Sema tena, kaka, polepole," akanong'ona. "Mimi nitafuatisha."