Tairi za Kutembea Bila Upepo

Jua lilikuwa linazama Mwalimu alipoingiza gari kwenye karakana ya Kipara, fundi wa tairi.

"Gari hili halina tairi ya akiba," alisema. "Wala halina pa kuiweka."

Kipara alijua. Mtaa mzima ulijua. Miezi mitatu nyuma Mwalimu alikuwa anamkimbiza mkewe hospitali, pumu imembana, na kwenye kona ya msituni tairi ikachanika ubavuni. Gundi ya dharura ya kuzibia tundu ikamwagika yote barabarani. Pampu ikalia bure. Mkewe alikata roho kiti cha nyuma, amemshika mkono, wakingoja gari lolote lipite.

Kipara aligonga ubavu wa tairi mpya kwa ngumi. "Hizi zina kuta nene. Upepo ukiisha zinalibeba gari hivyo hivyo, kilomita themanini, mradi usikimbize. Ila sikufichi, ni ngumu, zitakutingisha mgongo. Na ikishatembea tupu, hiyo si ya kuziba tena, ni ya kutupa."

"Themanini," Mwalimu alirudia. Alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini. Kutoka ile kona hadi hospitali ni kilomita thelathini na moja.

"Mwalimu," fundi alisema taratibu, "hizi hazirudishi kitu."

"Nifungie zote nne."

Giza lilikuwa linaingia alipoikaribia kona akirudi nyumbani. Taa ndogo ya njano ya kuonya upepo umepungua ikawaka kwenye dashibodi. Tairi ya nyuma, kushoto.

Upande uleule wa siku ile.

Akasimama. Harufu ikamfikia kwanza, ya ile dawa aliyozoea kumchulia mkewe kifua. Kisha sauti... hiii... hiii... ya mtu anayevuta hewa kwenye tundu la sindano.

Kiti cha nyuma.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Mwalimu," sauti ilinong'ona. Mkewe alimwita hivyo hata chumbani, kwa utani. "Geuza gari... bado nipo."

Akageuza. Tairi ilikuwa bapa kabisa, lakini gari likaenda, likigugumia kama mtu anayetafuna mchanga. Macho yalimjaa machozi. Akawa anazihesabu kilomita kwa sauti, na kila akitaja, nyuma yake kukaitikiwa.

"Zimebaki kumi."

"Nipo..."

"Tano."

Kimya.

"Tano, mke wangu. Tano tu."

"...Nipo."

Mlangoni pa hospitali muuguzi mmoja mzee alikuwa amesimama na kiti cha magurudumu, kama mtu aliyepigiwa simu. Akafungua mlango wa nyuma, akainama, akamkumbatia mtu ambaye Mwalimu hakumwona. Kiti kikalia kwa uzito.

"Umefanya vizuri kumuwahisha," alisema, akamsukuma ndani.

Mwalimu aliangukia usukani, akalia jinsi ambavyo hakulia msibani. Alipopata nguvu za kuingia, mapokezi alikuwepo binti mmoja tu. Hakuna mgonjwa aliyepokelewa. Wala hakuna muuguzi mzee kwenye zamu ile.

Kesho yake Kipara alitafuta tundu ndani na nje, asilione. Akanawa mikono mara mbili.

"Upepo haukutoka," alisema. "Umetolewa. Tafuta njia nyingine, Mwalimu. Ile kona ilikuwa na watu wake, chini ya udongo, kabla ya lami."

Akafunga tairi nyingine.

Jioni saba mfululizo Mwalimu alipita palepale. Tairi zilijaa, kiti kikakaa kitupu. Alitaka amsikie mara moja tu. Hata kwa kilomita moja.

Jioni ya nane alisimama, akapiga magoti, akabonyeza valvu ya tairi ileile ya nyuma mpaka upepo ukaisha. Akarudi kwenye usukani. Akangoja.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kiti kikabonyea.

Alivuta pumzi kutafuta ile dawa. Ikamjia harufu ya udongo uliochimbuliwa.

"Mke wangu?"

"Yeye ulishamfikisha," ikajibu sauti ya mwanamume, nzito, yenye subira. "Harudi huku tena."

Mwalimu akafunga macho. Kati ya yote aliyoyasikia kwenye ile kona, hilo ndilo lililomkata maini.

Gari likabonyea tena. Na tena. Milango yote minne ikajifunga polepole.

"Twende," alinong'ona yule mtu. "Sisi tumengoja zaidi yake."