Ziada ya Mpunga wa Uweso

Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1956. Asubuhi hiyo kijijini Mwera kulikuwa na mawingu mepesi. Umande ulikuwa mwingi, hata migomba ilidondosha maji kama baada ya mvua.

Uweso alirudi kutoka msikitini baada ya sala ya alfajiri. Mkewe, Mwanamkasi, alikuwa akichemsha chai ya mchaichai.

"Mama Chiku," alisema Uweso kwa furaha, "jana baada ya sala ya Ijumaa nilitoa ahadi. Maulidi ya Mfungo Sita mwaka huu, wali ni wetu."

"Wali wote?"

"Mpunga wetu wote wa ziada. Nilisema mbele ya watu. Sadalla ndiye mpishi, na amekwisha kuazima masufuria."

Mwanamkasi aliacha kupuliza moto. "Na ziada ni ipi, Baba Chiku?"

"Si ile iliyomo ghalani? Ya kula ipo hapa jikoni."

Mwanamkasi alikumbuka. Mwaka juzi walikuwa wamekula mpunga mpaka punje ya mwisho. Mvua ilipokuja hawakuwa na mbegu. Yeye ndiye aliyekwenda Mkwaja kwa kaka yake kuomba kapu moja. Wifi yake alimpimia mbegu huku akiguna, na mguno ule haukumtoka masikioni.

"Mkwaja siendi tena," alisema taratibu. "Shamba na liote majani."

Uweso alivua kofia, akajikuna kichwa. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka kinywani. Sasa angeuweka wapi uso wake?

Alasiri alikwenda kwenye darasa la watu wazima. Umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini, lakini hakuona haya kujifunza. Kila alipoketi mkekani alisema Bismillahi, akamwomba Mungu amfungue akili. Kusoma Kiswahili alikwisha kuweza. Sasa Mwalimu Zubeiri alikuwa akiwafundisha maneno machache ya Kiingereza.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni neno moja: *extra*.

"Nani amewahi kulisikia?"

Sadalla aliinua mkono haraka. Yeye alipata kukata mkonge miaka mingi. "Ekstra! Ukimaliza kazi yako, nyapara akakupa nyingine juu yake, hiyo ni ekstra. Mgongo wangu unalijua neno hilo kuliko wewe, Mwalimu."

Watu walicheka.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Hiyo sisi tungeiita nyongeza. Haya, kwa Kiswahili tuna maneno gani mengine ya kitu kilichozidi?"

Maneno yalimiminika. Mmoja alisema ziada. Mwingine alisema baki. Mzee mmoja alisema masazo, yaani chakula kilichosalia sufuriani. Sadalla akataja kiporo, akasema hicho ndicho anachokipenda kwa chai.

Uweso alikuwa akitazama nje. Lori la kwenda Pangani lilikuwa limesimama barabarani, na nyuma yake lilifungwa gurudumu moja lisilogusa ardhi.

"Mwalimu," aliuliza, "gurudumu lile nalo ni ekstra?"

"Mwingereza anaweza kuliita hivyo. Lakini analo neno jingine, nanyi mnalijua. Spea."

"Basi limezidi. Lori linakwenda bila lile."

"Linakwenda, ndiyo. Je, dereva akikuuzia leo, utamwona mtu mwenye akili?"

"Hata kidogo! Likipasuka moja njiani?"

"Umejijibu mwenyewe. Kitu kikiwa hakitumiki leo, usikiite ziada upesi. Uliza kwanza: kinangoja kazi gani? Kama kina kazi mbele, hicho ni akiba. Ziada ni kile kinachobaki baada ya kila kazi kupata chake."

Uweso alishika kidevu. Aliliona ghala lake kama aliyefunguliwa mlango. "Na mbegu, Mwalimu?"

"Mbegu ni gurudumu la shamba, bwana."

Sadalla alimgeukia. "Uweso! Mbona naona unarudi nyuma? Masufuria nimekwisha kuyaazima!"

Kesho yake Mwalimu Zubeiri alifika nyumbani kwa Uweso. Wote watatu waliingia ghalani na pishi ya kupimia.

"Tuanze na zaka," alisema Uweso.

"Naam," alisema mwalimu. "Hiyo hata akiba siyo. Ni haki ya wengine iliyomo mikononi mwako."

Kisha Mwanamkasi alichagua mbegu. Alichukua mpunga uliokomaa vizuri, akaupepeta, akauanika tena juani. Mwalimu alimwambia aujaribu kwa kuung'ata: punje iliyokauka hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Ulipokauka, aliutia mtungini, akauchanganya na majivu makavu ili wadudu wasiingie, akaziba mdomo kwa udongo. Baada ya hapo walipima chakula cha nyumba mpaka mavuno mengine, na kidogo juu yake, mvua ikichelewa.

Yalibaki magunia mawili.

"Hii ndiyo ziada," alisema Mwanamkasi. "Pika, alika, ugawe. Moyo wangu mweupe."

Uweso alikwenda barazani msikitini. "Jamani, niliahidi ziada kabla ya kupima. Nimepima. Ni magunia mawili."

"Mawili!" Sadalla alipiga kelele. "Umejifunza Kizungu ili utunyime wali?"

Watu walicheka, na Uweso aliinamisha kichwa. Lakini Sheikh Shaame, imamu wao, hakucheka.

"Aliahidi ziada," alisema. "Ameleta ziada yote. Hapo amevunja nini? Na ninyi wengine, leteni za kwenu."

Wakaleta: huyu nazi, yule kuku, yule mchele kibaba. Maulidi yalisomwa na watu walishiba. Sadalla mwenyewe alikwangua ukoko wote, akausifu kuliko wali.

Mwezi wa Machi mvua ya masika iliwahi. Uweso na Mwanamkasi waliuvunja udongo wa mtungi. Mbegu zilikuwa kavu na nzima. Majirani walikuja kusaidiana kupanda, na Mwalimu Zubeiri naye alikunja suruali. Baada ya siku chache miche ilichomoza, kijani shamba zima, na mbegu kidogo bado ilikuwa mtungini, kibandani kando ya shamba.

Siku majirani na mwalimu waliporudi kusaidia kupalilia, Sadalla alikuja shambani na kapu tupu.

"Shikamoo, shemeji," alimwambia Mwanamkasi, ingawa yeye Sadalla ndiye mkubwa kwa umri.

"Leo shikamoo? Umekosa nini?"

"Mbegu. Tumekula zote."

Uweso alicheka. "Mwombe mwenye mtungi. Mimi simo."

Mwanamkasi alilitazama lile kapu. Hakuguna. Alilichukua, akalijaza, lakini hakulitoa mkononi mwake.

"Utalipata, shemeji. Ila kwanza sema mbele ya watu hawa."

Sadalla aliwatazama majirani waliosimama na majembe, akamtazama mwalimu, akakohoa.

"Mbele yenu nyote," alisema, "Mungu akinijalia mavuno, nitatenga mbegu kwanza, ndipo nialike watu."

"Hatukusikia!" walipaza sauti waliokuwa mwisho wa shamba.

Sadalla alivuta pumzi, akasema tena, kwa sauti ya kumfikia kila mtu: "Mbegu kwanza! Wageni baadaye!"

Mwanamkasi akampa kapu.