Valvu Mbili na Mkoba wa Mfagizi

Ulimwona. Usiniambie ulikuwa na haraka. Alhamisi ile, saa sita na robo mchana, mfagizi wa kituo chetu cha redio alimwagiwa mkoba wake mezani pale mapokezi: kitana, khanga, dawa ya presha, nusu mkate. Wewe ukapita pembeni ukijifanya unasoma ubao wa matangazo. Ubao ulikuwa mtupu. Najua, kwa sababu na mimi nilikuwa nausoma.

Mimi sisahau. Nakumbuka hata mwaka wa feni, mlipomfukuza mlinzi kwa wizi, feni ikaja kuonekana sebuleni kwa mhasibu, mkacheka yakaisha. Kwa hiyo hili nitalisimulia taratibu, na saa zake.

Asubuhi hiyo saa tatu, kipindi cha santuri za zamani, cha kila Alhamisi, kilikuwa hewani. Sauti ikaanza kuchakacha, kisha ikapiga mluzi mwembamba kama mbu. Wasikilizaji wakapiga simu. Fundi mkuu, yule mzee tunayemwita Masikio kwa sababu ndiye anayetuchagulia kila kifaa cha sauti, akafungua kikuza sauti cha mashine ya santuri. Ndani hukaa valvu mbili, vichupa vya kioo vyembamba kama kidole. Valvu nzuri hunyamaza. Unamsikia mwimbaji mpaka pumzi yake. Mbovu hukuletea kelele zake yenyewe.

"Zetu zimeibwa," akasema Masikio. "Namba 114 na 115. Mtu katutilia takataka."

Ufunguo wa chumba kile wanao watatu: Masikio, mkutubi wa santuri, na mfagizi. Alipekuliwa mmoja. Hawakumkuta na kitu, na saa saba akafukuzwa hivyohivyo. Barua ilihitaji shahidi. Mkutubi akatia sahihi, macho yake kwenye karatasi.

Usiku ule mkutubi hakulala vizuri, wala wa pili. Jumatatu akaanza kuuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza Alhamisi. Alianza na dereva, maana nyumbani kwake amejaza redio mbovu za kizamani, na mara moja aliwahi kuazima ufunguo wa Masikio.

"Dada, umekuja kunipekua na mimi? Ngoja nivue viatu."

"Jibu tu. Valvu unazitafuta, hutafuti?"

"Natafuta. Za miguu minane. Hizo zenu zina miguu tisa. Nikaziibe nizitie wapi, puani?"

Mkutubi akaenda kuhesabu. Tisa.

Jumanne saa kumi alasiri alibisha hodi kwa mfagizi. Hakukaribishwa kiti.

"Ulitia sahihi," mama yule alisema. "Hata usoni hukuniangalia."

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Radhi haipiki. Sema lililokuleta."

"Wiki ile, kabla ya Alhamisi, uliona chochote mle chumbani?"

"Jumanne nilikuwa nafagia, mzee wenu anapima vichupa vyake. Kimoja kikalia ngiii, mpaka meno yanauma. Yeye anagonga na penseli, anaandika, anagonga tena. Nikamwita mara mbili, mzee, hicho kinaumiza. Hakugeuka. Nikasema ni dharau, kama ya kwenu wote."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nani aliniuliza?"

Mkutubi alirudi kazini na uso unawaka. Chini ya meza ya Masikio kulikuwa na boksi la viatu, la valvu zilizokataliwa. Siku ya upekuzi hakuna aliyeligusa. La fundi lile, si la mfagizi. Akalifungua. Namba 114 na 115, namba alizozibandika kwa mkono wake, zilikuwa zimeviringishwa kwenye karatasi yenye mwandiko wa Masikio: *Kelele. Jumanne.* Siku mbili kabla ya "wizi".

Akazitia kwenye mashine, akaweka santuri. Kimya safi. Sasa kwa nini fundi aandike kelele juu ya valvu isiyo na kelele?

Jumatano saa nne asubuhi alimwita bosi, dereva, Masikio na mimi.

"Mzee, tuchagulie valvu mpya. Mimi nagonga, wewe unasema."

Masikio akakaa akiielekea mashine, mgongo kwetu, akifuta miwani. Mkutubi alitia mojawapo ya zile takataka, akapandisha sauti, akaigonga kidogo kwa penseli. Spika zikapiga mluzi. Bosi akamwaga chai. Dereva akaziba masikio kwa viganja.

"Hiyo, mzee?"

"Kimya," akasema Masikio. "Hiyo nzuri sana."

Akageuka, akaona mikono ya dereva ilipokuwa, na miwani ikamponyoka.

"Tangu lini?" mkutubi akauliza.

"Sauti nyembamba zilianza kunipotea mwaka juzi." Alisema akiangalia sakafu. "Jumanne ile nilichanganya. Nzuri nikazitupa boksini, mbovu nikazitia kwenye mashine. Simu zilipoanza nikajua. Mwanangu, mnaniita Masikio. Ningekuja hapa kuwaambia nini?"

"Ukweli. Badala yake ulimpa mama wa watu jina la mwizi."

"Mimi nilisema zimeibwa. Sikusema na nani."

"Hukuhitaji kusema. Ulijua tutaufungua mkoba wa nani. Na mimi nilijua, nikakupa sahihi."

Mzee akajifunika uso. Bosi akafuta chai kwenye suruali.

"Basi, yaishie humu humu," akasema. "Mzee amebakiza miezi minne astaafu. Mfagizi tunaleta mwingine Jumatatu."

Umesikia? Mwizi hayupo, na mama bado ni mwizi.

Mkutubi ameandika karatasi: arudishwe kazini, na aombwe radhi hadharani, pale pale alipomwagiwa vitu vyake. Leo Ijumaa, saa nne asubuhi, ina sahihi nne: ya mkutubi, ya dereva, ya Masikio mwenyewe, na yangu. Kituo hiki kina watu sitini na mmoja. Bosi anapokea karatasi mpaka saa kumi, baada ya hapo nafasi ya mama imekwenda.

Karatasi iko mapokezi. Acha kusoma. Inuka, shuka ngazi, andika jina lako.