Tumefungiwa Bustanini, na Khamsini Inakuja

Jamani, geti lilikuwa na mnyororo kwa nje...

Ndani tulikuwa wawili tu. Mimi na mwanangu Shorouk, miaka tisa. Mbingu ya Kairo imegeuka rangi ya tofali, na mtoto ana pumu!

Nikatikisa nondo mpaka viganja vikachubuka. Barabara tupu.

Ngoja niwaambie tuliingiaje.

Sikukuu ya Shamm el-Nessim Misri nzima hula nje kupokea machipuko; ukisubiri geti lifunguliwe saa mbili, vivuli vimekwisha, utakula juani. Mimi na marehemu mke wangu Nagat tulikuwa na ujanja wetu. Mlinzi, mzee Sabri, akienda kuswali alfajiri huacha mlango wa pembeni bila kufuli. Tunapenya, tunatandika mkeka chini ya mkuyu.

Nagat alikufa akisubiri gari la wagonjwa, tunaambiwa liko njiani. Tangu siku hiyo, mwenye cheo akisema leo jua, mimi nachukua mwavuli.

Jana yake Shorouk alinisomea kwenye simu kwamba watu wa hali ya hewa wanatangaza khamsini, ule upepo wa vumbi. Nikamwambia hao hata mwaka jana walisema hivyo hivyo, tukapata jua tupu.

Basi tukapenya. Mlangoni nikabandua karatasi kubwa, salamu za sikukuu za mheshimiwa fulani, nikajua. Kusoma kwenyewe nakokota, na bado giza. Ikatufaa kuwekea fesikhi, maana samaki yule akigusa mkeka, harufu mpaka mwakani.

Saa mbili, geti kimya.

Saa tatu, upepo ukafika...

Vitunguu vikaruka, mayai ya rangi yakabingirika. Kifua cha Shorouk kikaanza kupiga filimbi.

"Baba, dawa yangu ya kuvuta."

Nikapekua kapu. Samaki, mikate, malimau... Dawa alikuwa anapakia Nagat.

Mlango wa pembeni nao umeshafungwa kufuli, na ukuta una vyuma vya ncha. Getini kuna namba ya ofisi ya bustani, ile ile niliyoitukana humu ukurasani mwaka mzima, Shorouk akiniandikia, mnakumbuka. Kupiga ni kukiri nimeingia kama mwizi. Nikasimama na simu... nikaona midomo ya mwanangu inabadilika rangi.

Nikapiga. Akapokea mkurugenzi mwenyewe, Bi Ibtihal.

"Nimefungiwa humu bustanini. Naitwa Bayoumi."

"Bayoumi anayetuita wauaji wa miti?"

"Ndiye. Nina mtoto wa pumu, na dawa tumeisahau."

"Basi matusi baadaye. Mpeleke nyuma ya kibanda cha pampu, lowesha kitambaa umfunike pua. Na simu usikate."

Akawa anamhesabisha Shorouk pumzi, moja moja, robo saa nzima. Mimi nimemshikia simu sikioni.

Mzee Sabri akaja na funguo, na dawa aliyoagizwa na Bi Ibtihal ainunue njiani, kope zimejaa vumbi. Shorouk akavuta mara moja, mara mbili... filimbi ikapungua. Rangi ikarudi.

Hapo nami ulimi ukarudi. Nikamuuliza Sabri wanafungaje bustani siku ya sikukuu kimya kimya, hata karatasi moja wameshindwa kubandika?

Akanitazama.

"Niliibandika mlango wa pembeni, Bayoumi. Kwa ajili yako. Unadhani miaka yote hiyo nilikuwa nasahau kufuli? Nagat aliniomba. Leo natoka kuswali, naona karatasi haipo, nikasema kaisoma, karudi nyumbani. Nikafunga."

Shorouk akaenda mkekani. Akasukuma samaki pembeni, akaifuta ile karatasi mafuta kwa kiganja, akasoma polepole:

"Bustani imefungwa leo, khamsini."

Chini yake, kwa kalamu ya mkono: "Bayoumi, usimlete mtoto."

Wasomaji wangu, wenye vyeo sijawasamehe. Gari la Nagat halijafika mpaka leo. Ila usimchukie mtu mpaka ukashindwa kusoma alichokuandikia.

Na dawa ya mtoto ipakie kwanza. Samaki baadaye.