Udongo Chini ya Okidi

Siku ile sebuleni alikuwamo Ruoqing na mwanawe Anan akinyonya, pamoja na mama mkwe wake aitwaye Bi Qiu na shemeji yake aitwaye Defu. Alikuwamo pia baba mkwe, Mzee Gu, ingawa walikuwa wamemzika tangu majira ya baridi.

Ruoqing ndiye aliyeisikia harufu kwanza. Udongo uliolowa. Nje jua lilikuwa likiwaka, na mvua ilikuwa haijanyesha juma zima.

"Mama, husikii harufu?"

"Nasikia ya shemeji yako, hajaoga," alisema Bi Qiu. Lakini hakucheka.

Defu alikuwa amesimama mbele ya mchoro wa babake, brashi ingali mkononi. Mzee Gu aliuchora mwaka ambao Wamongolia waliichukua nchi: ua moja la okidi kwa wino mweusi, majani membamba, mizizi ikining'inia hewani. Kila aliyeutazama alielewa. Okidi ni mtu mwenye moyo safi, na huyu hakuwa na pa kusimama kwa kuwa ardhi yake imeibwa. Sasa chini ya mizizi kulikuwa na kilima cha udongo, wino haujakauka.

"Umefanya nini, shemeji?"

"Nimewaokoa. Jioni anakuja ofisa wa Wamongolia, na mchoro huu ndio anaoutaka. Nimpe matusi ukutani? Baba alikuwa na kiburi, wewe hukijui."

Ruoqing alijua jambo jingine. Alipojifungua, mzee yule alikuwa akisimama nje ya mlango wake akiipuliza supu ipoe, kisha akimpa Bi Qiu aingize, asionekane.

Kitu kikakwaruza nyuma ya karatasi ya mchoro.

Mizizi ikaanza kusogea, polepole kwanza, kama vidole vya kipofu anayepapasa, ikaugusa ule udongo, ikajikunja kama iliyoungua, na wino ukachuruzika ukutani mpaka sakafuni ukinuka kaburi, harufu ikajaa chumba kizima, ikaingia kooni, ndipo Anan akaliacha ziwa na kukohoa, na kilichomtoka kikaangukia kifua cha mamaye, cheusi, chenye punje, kimelowa.

"Udongo wa nani?" sauti iliuliza kutoka ukutani. Ilikuwa ya Mzee Gu, ila upole wote ulikuwa umeitoka.

"Wa... wa bwana mkubwa wa Wamongolia," Defu alinong'ona.

Anan akakohoa tena, na safari hii pumzi haikurudi.

"Funga mdomo wako, Defu," Bi Qiu alisema. "Utamuua mtoto."

Hofu ilimtoka Ruoqing, ikabaki hasira. Alimkasirikia Defu, na zaidi alimkasirikia mzee, kwa kuwa alikuwa akimpenda. Akachukua mkasi wa kushonea.

"Baba," alisema, meno yamekazana. "Ulinipulizia supu. Leo unamkaba mwanangu kwa kosa la mwanao? Huna haya?"

Akaukata mchoro chini kidogo ya mizizi, ukingo hadi ukingo. Karatasi ilikuwa na joto kama ngozi. Kipande chenye udongo kikaanguka, mizizi ikatulia hewani, na Anan akavuta pumzi akalia.

"Sasa ofisa nitampa nini?" Defu aliuliza.

"Okota hicho kilichoanguka umpe," alisema Ruoqing. " Si udongo ndio wanaoupenda?"

Anan alichelewa sana kusema, na neno lake la kwanza halikuwa mama. Lilikuwa udongo.