Mluzi kwenye Njia ya Mkonge

Kila siku ya shule Evarist aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akachota maji ndoo mbili kwenye bomba la jirani, akafagia uwanja, kisha akanywa chai kwa kiporo cha jana. Wakati huo mama yake, Yusta, alikuwa ameshaondoka. Alikuwa mpishi kwenye kantini ya tawi la chuo kikuu lililoko nje kidogo ya mji wa Kilosa, na wapishi huwasha majiko kabla ya jua kuchomoza. Jioni alirudi miguu imevimba, akakaa kwenye kigoda muda mrefu bila hata kuvua kitambaa cha kichwani. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Ruaha, na nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi.

Chumba cha uani walimpangisha Paulina, binti wa Mikumi aliyekuwa akisomea ualimu mwaka wa pili kwenye chuo hicho. Paulina alikuwa mpangaji, lakini kwa Evarist alikuwa dada. Kila Jumapili alimkalisha chini akamfundisha hesabu za darasa la saba, na kama Evarist hakuelewa, alirudia tangu mwanzo bila kukunja uso. Siku hizi, hata hivyo, alisinzia katikati ya somo. Alikuwa akirudi kutoka chuoni viatu vimejaa vumbi na mabega yameinama kama mtu aliyeshinda shambani.

Kwenda chuoni kulikuwa na njia mbili. Barabara kubwa ilizunguka mbali, mwendo wa dakika hamsini. Njia ya mkato ilikatiza shamba la mkonge lililoachwa zamani, mwendo wa dakika ishirini tu. Paulina alikuwa ameiacha njia ya mkato tangu mwezi wa tatu, na nyumbani hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Evarist naye hakuuliza, ingawa jibu alikuwa nalo karibu. Baada ya masomo, yeye na wenzake wawili, Brayan na Petro, walizoea kukaa kwenye karavati, daraja dogo la zege la njia ile ya mkonge. Pale walimkuta Bonifas, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeuza miwa kwa toroli. Bonifas aliwagawia vipande vya miwa, akawachekesha, akawafundisha na mchezo wake. Wasichana wa chuo walipokaribia, mmoja wa wavulana alipiga mluzi, wengine wakataja mavazi ya msichana au mwendo wake, na Bonifas akamalizia kwa neno ambalo Evarist asingethubutu kulisema mbele ya mama yake. Wasichana waliinamisha vichwa wakaongeza mwendo. Wavulana walicheka. Evarist ndiye aliyekuwa na mluzi mkali kuliko wote, na alijisikia mkubwa kila Bonifas alipomsifu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mvua ya rasharasha ilinyesha tangu mchana. Kwenye saa kumi jioni walimwona msichana anakuja peke yake, amejitanda kanga kichwani kujikinga na mvua. Uso haukuonekana. Evarist akapiga mluzi.

Safari hii Bonifas hakuishia kwenye maneno. Alishusha kofia usoni, akamwacha msichana apite, kisha akamfuata nyuma, akamkamata mkono na kumvuta kuelekea kwenye mkonge. Msichana alipiga kelele. Mkoba ulikatika, madaftari yakamwagika kwenye tope. Akang'ang'ana, akaanguka juu ya mkonge, na kanga ikamtoka kichwani. Hapo ndipo Evarist alipomtambua. Alikuwa Paulina.

Bahati njema, wanawake wawili waliokuwa wakiokota kuni upande wa pili walisikia kelele wakaja mbio na mapanga yao mkononi. Bonifas akamwachia, akatokomea mkongeni. Brayan na Petro walikwisha kukimbia. Evarist alisimama kidogo, kisha naye akakimbia.

Alipofika nyumbani alijifanya anasoma. Baada ya muda wale wanawake walimleta Paulina, mkono umechanwa na miiba kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja. Mama Evarist alipofika hakukaa kwenye kigoda siku hiyo. Alimfunika Paulina kanga kavu, akampeleka polisi kuchukua fomu ya matibabu, kisha hospitali. Paulina alieleza alivyoweza. Mtu yule alitokea nyuma na kofia ilimficha, kwa hiyo sura hakuiona.

Zikafuata siku za kuchosha. Paulina aliitwa polisi kutoa maelezo, akaitwa ofisi ya chuo kuyatoa tena, akarudi polisi kwa sababu karatasi moja ilikosekana. Kila alikokwenda, palikuwa na mtu wa kumuuliza alifuata nini kwenye njia ile. Wapangaji wa nyumba ya jirani waliuliza alikuwa amevaa nini. Mwanzoni Paulina alijibu kwamba alikuwa anawahi jaribio la somo na mvua ilikuwa inanyesha. Baadaye akaacha kujibu. Alilala mchana, usiku akakesha, na chakula alichowekewa na mama Evarist kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Evarist naye hakula vizuri. Siku ya tatu Bonifas alimvizia njiani, akamwekea mkono begani kama rafiki.

"Aliyepiga mluzi ni nani?" alimuuliza kwa upole. "Ukifungua mdomo, atakayeanza kufungwa ni wewe."

Evarist aliamini. Kila alipomwona Paulina uani, aligeukia kwingine. Kunyamaza kulimchosha kuliko kubeba ndoo za maji.

Wiki ya pili Paulina alifunga virago. Mitihani ilikuwa imebaki siku kumi na nane. Mama Evarist alimsihi angojee, lakini Paulina alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuwa na nguvu ya kueleza jambo lile mara nyingine, wala ya kupita pale. Akapanda basi kurudi kwao Mikumi. Kile chumba cha uani kikabaki kimefungwa.

Jumatano iliyofuata, wanafunzi watano wa chuo walikuja shuleni kwa kina Evarist. Walikuwa wameanzisha kampeni ya kuzuia ukatili wa kingono chuoni, na mlezi wao, Mwalimu Abubakari, aliwaambia waanze na vijiji na shule zinazokizunguka chuo, kwa kuwa wanafunzi hawaishi chuoni peke yake. Msemaji wao aliitwa Editha. Alikuwa mwembamba, sauti imemkauka kwa kuzungumza shule tatu tangu asubuhi. Alieleza kwamba ukatili wa kingono si lazima uanze kwa nguvu. Huweza kuanza kwa maneno machafu, kwa kumshika mtu bila ridhaa yake, au kwa mtu mzima kumwambia mtoto afiche siri. Akataja wa kuambiwa: mzazi, mwalimu, ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi.

Kisha akauliza swali moja. Aliwaomba wasichana ambao wamewahi kupigiwa mluzi, kutukanwa au kuvutwa mkono njiani wainue mikono kama hawaoni vibaya.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, akafuata mwingine, na mwingine. Hawakulia wala kupiga kelele. Waliinua tu, taratibu, kama watu wanaojibu mahudhurio. Evarist aliangalia nyuma. Mikono ilikuwa imejaa darasa zima. Hata Madamu Monica, mwalimu wao wa darasa, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameinua wake.

"Ahsanteni," Editha alisema. "Shusheni, msichoke."

Evarist hakusikia yaliyofuata. Alikuwa amedhani mchezo wao wa karavatini unaishia pale pale karavatini. Sasa aliona kwamba kila msichana darasani ana karavati lake analoliogopa, na penye kila karavati kuna mtu kama yeye.

Jioni hiyo mama yake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Evarist alimwamkia, "Shikamoo mama," mama akaitika, "Marahaba," bila kuinua kichwa. Akakaa chini karibu naye.

"Mama, aliyemshika dada Paulina namjua. Ni Bonifas wa miwa. Nilikuwepo. Na mluzi niliupiga mimi. Sikujua kama ni yeye."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Evarist alingoja kofi, lakini halikuja. Mama alimtazama, na uso wake ulikuwa umechoka zaidi ya siku zote alizorudi kutoka kazini.

"Na asingekuwa yeye?" aliuliza.

Mama akaweka ungo chini, akajifunga kanga, akamwambia avae viatu.

Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto walipokelewa na askari wa kike, Afande Yunis. Aliwaingiza kwenye chumba kidogo chenye viti vitatu, akafunga mlango, akamruhusu mama akae karibu na mwanawe. Evarist alieleza kila kitu: miwa, karavati, mluzi, kofia, vitisho vya Bonifas. Alipofika kwenye sehemu yake mwenyewe alisitasita, lakini hakuipunguza. Afande aliandika, akamsomea alichoandika, akamweleza kwamba Bonifas alimdanganya makusudi. Anayesema ukweli kuhusu alichoona hafungwi kwa kusema. Kuhusu mluzi, alimwambia, hilo ni kosa lake na atawajibika nalo nyumbani na shuleni.

Kesho yake Brayan na Petro nao walipelekwa na wazazi wao, na maelezo yao yakalingana na ya Evarist. Bonifas alikamatwa sokoni, toroli lake likiwa limejaa miwa. Habari zilipoenea, wasichana wengine wawili wa chuo wakajitokeza kusema kwamba nao aliwahi kuwavuta, ila walichoka kufikiria ni nani atawaamini.

Kesi isingeweza kusimama vizuri bila Paulina. Jumamosi mama Evarist aliomba ruhusa kazini, jambo alilokuwa hajalifanya mwaka mzima, akamchukua Evarist wakapanda basi la Mikumi linalopitia kijiji cha Ulaya. Walifika mchana, vumbi hadi kwenye kope. Walimkuta Paulina kwenye mgahawa wa mama yake kando ya barabara kuu, anamenya viazi huku malori yakipita kwa ngurumo.

Evarist alimwamkia mama yake Paulina, kisha akamwendea Paulina, akaeleza mwenyewe kama alivyokuwa ameagizwa. Alipomaliza aliomba msamaha. Paulina aliendelea kumenya kiazi kile kile hadi kikabaki kidogo.

"Nilikufundisha Jumapili zote zile," alisema. "Na wewe ulinisikia nikipiga kelele."

"Ndiyo, dada."

"Sijui kama nimekusamehe. Nimechoka, Evarist. Usiniharakishe."

Evarist alisema sawa. Mama Evarist ndiye aliyemweleza Paulina kwamba Bonifas yuko ndani, kwamba wasichana wenzake wawili wa chuo wameshatoa maelezo, na kwamba safari hii yeye Paulina ataeleza mara moja tu, kwa Afande Yunis, mlango umefungwa. Paulina hakuahidi kitu. Waliagana, wakarudi Kilosa.

Jumatatu saa tisa alasiri mlango wa chumba cha uani ulifunguliwa. Paulina alikuwa amerudi, na begi moja badala ya mawili aliyoondoka nayo.

Alitoa maelezo yake, akafanya mitihani, masomo mawili akapata alama za chini kuliko alivyozoea. Kesi ilikwenda miezi minne, ikaahirishwa mara mbili, na mwisho mahakama ikamtia Bonifas hatiani kwa shambulio la aibu, akapelekwa gerezani. Chuo kilifyeka mkonge pande zote mbili za njia, kikaweka mlinzi, na kikafungua ofisi moja ya kupokea malalamiko ili mwanafunzi asizungushwe tena. Shuleni, Evarist na wenzake walisimama mbele ya wasichana wa darasa lao wakaomba radhi bila kujitetea, na kila Ijumaa kwa muhula mzima walisaidia timu ya Editha kupanga viti na kugawa vipeperushi kwenye shule nyingine. Wapo wasichana waliowajibu, wapo waliogeuza nyuso. Jumapili moja Paulina alimwita Evarist alete daftari la hesabu. Alimfundisha, lakini hakutaniana naye kama zamani.

Jioni hiyo Evarist alimuuliza mama yake kama mambo yatarudi yalivyokuwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Sidhani, mwanangu," alisema. "Aliyemshika Paulina ni Bonifas, na hilo ni lake. Si la nguo, si la njia, si la mvua. Lakini Bonifas alizoea kwa sababu mlikuwepo wa kumchekea, na sisi wakubwa tulikuwepo wa kutouliza. Binti alizunguka barabarani miezi miwili, nami nikamwona anarudi hoi, nikasema ni masomo tu." Akasugua kifundo cha mguu. "Umesema ukweli, na nimeshukuru. Ila ulichelewa wiki mbili, na wiki hizo mbili alizibeba yeye. Siku nyingine ukiona mtu anadhalilishwa, usicheke, usikimbie. Paza sauti, ita mkubwa, na ukifika nyumbani sema siku hiyo hiyo. Hata kama na wewe una kosa ndani yake. Hasa hapo."

Evarist aliitikia. Kisha akachukua birika jikoni, akamwongezea mama maji ya moto.