Mteja wa Kwanza Narung'ombe

"Zeina, wingu la kompyuta tumelikata. Roboti bado zinamsaka Kasmir!"

Sauti ya Kamanda Abdulkadiri ilikwaruza kwenye redio ya sikioni. Zeina aliruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama, akajipenyeza kati ya mikokoteni ya mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo.

Askari mwenzake, Kasmir, alikuwa amenaswa ndani ya ghala la mtaa wa pili, nyuma ya marobota ya mitumba. Aliingia kupiga picha bunduki za magendo. Roboti za kupanga mizigo zikamfungia. Vijana wa Kamanda walikuwa bado wanahangaika na mlango wa chuma.

Mashetani yale yalifundishana. Kasmir akiihadaa moja, zote zilishajua.

"Afande, wingu mlilokata ni kompyuta za ng'ambo tu," Zeina alisema. "Lipo boksi la karibu linalofikiri badala yao papo hapo. Wataalamu wanaliita ukungu. Mawimbi yake hayafiki mbali, kwa hiyo limefichwa kwenye duka mojawapo mtaa huu."

"Maduka yote hayo utayapekua saa ngapi?"

"Sipekui. Nanunua."

Mnong'ono ukaingia. Kasmir.

"Zinaondoa marobota, Zeina. Moja moja. Mwambie mke wangu..."

"Celina utamwambia mwenyewe!"

Zeina aliogopa. Aliogopa kweli.

Ilikuwa asubuhi mbichi, maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa. Zeina alikulia nyuma ya kaunta ya babu yake, jirani tu na hapo. Alijua sheria isiyoandikwa popote: mteja wa kwanza haachwi aondoke mikono mitupu. Ni nuksi ya kutwa.

Duka la kwanza, mzee wa feni.

"Shikamoo baba. Feni hii buku tano."

"Marahaba. Elfu tano? Mwanangu, unataka nilale njaa?"

Zeina akageuka.

"Rudi, rudi! Ndo nafungua, tuongee!"

Siyo hapa.

Duka la pili, mama wa vitenge alimshika mkono kabisa. Siyo hapa.

La tatu liliuza spika. Kijana nadhifu, macho kwenye simu.

"Mambo? Spika hii buku tano."

"Bei imeandikwa."

"Mi mteja wako wa kwanza, kaka."

"Basi nenda kwingine."

Hakuinua hata uso.

Huyo hakuwa mfanyabiashara. Zeina alichomoa bastola yake, Beretta. Kijana akachomoa Glock chini ya kaunta.

Zeina aliipiga kaunta teke. Kioo kikamwangukia kijana, risasi yake ikatoboa dari. Kitako cha Beretta kikamlaza chini.

Nyuma ya pazia, boksi jeusi lilivuma.

"Hata ukizima umeme lina betri," kijana alicheka, damu mdomoni. "Mwenzako kwisha."

"Nani kasema nazima?"

Akalimiminia risasi. Cheche. Moshi. Kimya.

"Kasmir?"

Akabonyeza redio ya sikioni.

"Kasmir!"

Pumzi nzito ilisikika.

"Mkono wa chuma umeganda puani pangu, dada. Ungechelewa kidogo, ningekuwa marehemu."

Zeina akamshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya yule mshenzi aliyekuwa akigumia sakafuni.

Vijana wa Kamanda walipoingia dukani, mmoja kumtia pingu, mwingine kuchukua boksi, Zeina alikuwa keshatoka. Mtaa mzima ulikuwa umejibanza milangoni. Mzee wa feni alimtazama yeye na bastola yake, akameza mate.

"Nimerudi, baba," Zeina alisema. "Sikuachii nuksi. Nitajie bei ya kweli."

Mzee akaitaja, safari hii bila kubishana. Zeina alilipa, akaelekea kituo cha polisi Msimbazi taratibu, bastola kiunoni, feni ya kumzawadia Celina kwapani.